Iweje Baraza la Wawakilishi la Marekani likatae Jumatatu na kukubali Ijumaa? Muswada wa dola bilioni 700 wa mwaka 2008

Mwalimu wa Uraia (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nafundisha uraia kidato cha nne. Wiki iliyopita, tulipofika kwenye mihimili ya dola, niliwapa wanafunzi mfano wa Bunge la Marekani mwaka 2008, pale serikali ya Rais George W. Bush ilipoomba dola bilioni 700 za kununua mikopo chechefu ya nyumba, yaani mibovu isiyolipwa, iliyokuwa imezikaba benki. Nilichora safu mbili ubaoni. Jumatatu, tarehe 29 Septemba, Baraza la Wawakilishi liliukataa muswada kwa kura 228 dhidi ya 205. Ijumaa, tarehe 3 Oktoba, Baraza lile lile lenye wabunge wale wale liliupitisha kwa kura 263 dhidi ya 171.

Nilidhani somo limekwisha, kumbe bado. Binti mmoja aliyekaa dawati la nyuma alinyoosha mkono na kuuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu kwa uhakika, nami sipendi kuwadanganya wanafunzi. La kwanza, iweje wabunge 133 wa chama cha Rais wamkatalie Rais wao hadharani, kila mmoja kwa jina lake, na Bunge lisivunjwe wala serikali isianguke? Kwetu tumezoea kumsikia Spika akiwahoji wabunge, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo, kisha sauti za ndiyo zikatanda ukumbi mzima. Tena ibara ya 90 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge linapokataa bajeti ya serikali yake. La pili, ni kitu gani hasa kilichobadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa: maneno ya muswada, au msimamo wa wabunge? La tatu, ambalo ndilo lililoninyima usingizi: fedha zile zilifanya kazi ile ile iliyojadiliwa na kupigiwa kura?

Naomba mwenye ufahamu anisaidie kabla ya kipindi cha Alhamisi.

Karani wa Zamani (Dodoma)

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza, na umfikishie binti huyo pongezi zangu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu rasmi za mijadala bungeni, na kazi hiyo ilinijengea mazoea ambayo hayajanitoka hadi leo: nikipewa muswada, sianzi na hotuba ya Waziri, naanza na kifungu cha tafsiri. Nitarudi huko mwishoni, kwa sababu jibu la swali lako la tatu limelala humo.

Swali la kwanza ni jepesi kuliko yote. Rais wa Marekani hana mamlaka ya kuvunja Bunge kwa sababu yoyote ile, na serikali yake haisimami wala kuanguka kwa kura ya imani. Mbunge wa kule hupitishwa kugombea na wapiga kura wa chama chake jimboni kwake, si na kamati kuu, kwa hiyo mnadhimu wa chama anaweza kumbembeleza, kumwahidi na kumkasirikia, lakini hawezi kumvua ubunge. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vilikuwa vinagombewa tarehe 4 Novemba 2008, wiki tano tu baada ya kura ile. Mbunge aliyetazama upande mmoja alimwona Rais anayemaliza muda wake, na upande wa pili akaona majimbo yaliyojaa watu wenye hasira, wanaopiga simu mchana na usiku kuuliza kwa nini kodi yao iende kuwaokoa matajiri wa Wall Street. Waliokuwa wanastaafu, wasiorudi tena kwa wapiga kura, waliunga mkono kwa wingi zaidi, na waliokuwa na ushindani mkali majimboni walikataa kwa wingi zaidi. Sioni aibu katika jambo hilo. Mbunge anayeogopa jimbo lake walau anajua ametumwa na nani.

Sasa twende kwenye swali la pili, na hapa itanibidi nianze nyuma kidogo. Mwezi Septemba wa mwaka ule kila siku chache ilikuja na msiba wake. Tarehe 7 serikali iliyachukua chini ya uangalizi wake mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac, yaliyobeba sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba nchini humo. Tarehe 15 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers iliomba kufilisiwa, na kesho yake Benki Kuu ikaikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 isije nayo ikafuata. Jioni ya tarehe 18, Waziri wa Fedha Henry Paulson, ambaye kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, na Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu aliyetumia sehemu kubwa ya usomi wake kuchunguza mdororo wa miaka ya 1930, walikutana na viongozi wa Bunge katika ofisi ya Spika Nancy Pelosi na kuwaeleza kwamba mfumo wote wa fedha unaweza kusimama.

Siku mbili baadaye Wizara ilileta pendekezo lake. Lilikuwa na kurasa tatu. Mwalimu, waambie wanafunzi wako wahesabu: dola bilioni 700 kwa kurasa tatu! Kifungu cha 8 cha pendekezo hilo kilisema kwamba maamuzi ya Waziri hayatahojiwa na mahakama yoyote wala chombo chochote cha serikali. Nimesoma miswada mingi katika maisha yangu, na sijapata kuona serikali ikiomba fedha nyingi namna hiyo huku ikiomba pia isiulizwe.

Wabunge hawakuridhia, na ninawapa heshima yao kwa hilo. Seneta Christopher Dodd na mbunge Barney Frank, wenyeviti wa kamati zinazohusika na benki, waliendesha vikao ambamo Waziri alihojiwa kwa saa nyingi, na muswada uliofika mbele ya Baraza tarehe 29 ulikuwa umenenepa hadi kupita kurasa 100. Kinga dhidi ya mahakama iliondolewa. Fedha zilikatwa mafungu: bilioni 250 mara moja, bilioni 100 kwa hati ya Rais, na bilioni 350 za mwisho zitoke pale tu Bunge lisipopitisha azimio la kuzikataa. Iliundwa bodi ya uangalizi, akawekwa mkaguzi maalumu, na malipo ya wakuu wa benki yakawekewa mipaka fulani. Kabla ya hapo, katika mashauriano ya Ikulu tarehe 25, mambo yaliharibika kiasi kwamba Paulson alipiga goti mbele ya Spika Pelosi kumsihi asiuache muswada ukafa.

Kura yenyewe ya Jumatatu ilipangiwa dakika 15, ikaachwa wazi kwa takribani dakika 40 viongozi wakitafuta watu wa kuwageuza. Televisheni ziliigawa skrini: upande mmoja hesabu ya kura, upande wa pili kipimo cha soko la hisa cha Dow Jones kikiporomoka. Siku hiyo Dow ilishuka pointi 777, na zaidi ya dola trilioni moja ya thamani ya hisa ikayeyuka kwa alasiri moja.

Baada ya hapo Seneti, baraza la pili la Bunge la Marekani, ilifanya ujanja wa kanuni ambao wanafunzi wako wataufurahia. Katiba ya Marekani inataka miswada ya kodi ianzie Baraza la Wawakilishi. Seneti ikachukua muswada mwingine uliokwishapita kwenye Baraza hilo, uliohusu bima ya afya ya akili na kubeba jina la marehemu Seneta Paul Wellstone wa Minnesota, na kupakia mpango mzima wa kunusuru benki juu yake. Kinga ya amana za wananchi ilipandishwa kutoka dola 100,000 hadi 250,000 kwa kila mwenye akaunti, jambo jema kabisa. Yakaongezwa pia misamaha ya kodi ya kila aina, ukiwemo msamaha kwa watengenezaji wa mishale ya mbao ya watoto. Tarehe 1 Oktoba Seneti ilipitisha kwa kura 74 dhidi ya 25, na siku mbili baadaye Baraza likafuata. Kura za ndiyo ziliongezeka 58: Wademokrati 32 na Warepublican, watu wa chama cha Rais Bush, 26. Miongoni mwa waliogeuka alikuwamo John Lewis wa Georgia, mpigania haki wa miaka mingi, ambaye hakuna anayeweza kumwita kibaraka wa mabenki.

Kwa hiyo vyote viwili vilibadilika, muswada na watu. Lakini kiini cha muswada hakikuguswa, na hapo ndipo narudi kwenye mazoea yangu. Kifungu cha 3, kifungu cha tafsiri, kinaeleza maana ya "mali zenye matatizo" ambazo Waziri ameruhusiwa kununua. Aya A inataja mikopo ya nyumba na dhamana (hati za uwekezaji) zilizojengwa juu yake, zilizotolewa hadi tarehe 14 Machi 2008. Hayo ndiyo yaliyojadiliwa ukumbini. Kisha ikaja aya B: chombo kingine chochote cha kifedha ambacho Waziri, akishauriana na mwenyekiti wa Benki Kuu, ataona kukinunua ni lazima kwa utulivu wa masoko, mradi awaandikie wabunge kuwaarifu. Aya A ilizungushiwa uzio, aya B ilikuwa lango lisilo na komeo.

Mama wa Watatu (Minneapolis)

Mzee Karani, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na nilipofika kwenye jina la Wellstone nilisimama, kwa sababu naishi katika jimbo lake na mwaka ule nilikuwa hapa hapa.

Wiki ile nilikuwa nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee. Mume wangu, ambaye ni raia na mpiga kura, alipiga simu ofisi ya mbunge kutoka simu ya ukutani jikoni, na kila alipopiga laini ilikuwa imejaa. Tulikuwa tumenunua nyumba mwaka 2006 kwa mkopo ambao riba yake haibadiliki miaka miwili, kisha inapanda. Ilipopanda, malipo ya mwezi yalipita uwezo wetu, na thamani ya nyumba ilikuwa imeshuka chini ya deni, hivyo hata kuiuza isingetuokoa. Nilipokuwa nasikia televisheni ikisema serikali inataka kununua mikopo mibovu ya nyumba, nilielewa kwamba wanazungumzia mkopo wetu. Naomba msinicheke. Niliamini kwamba serikali ikishaununua mkopo wangu, nitakaa mezani na serikali.

Sheria ile inavyo vifungu juu ya wenye nyumba. Niliwahi kukichapisha cha 109 kwenye karatasi. Kinamtaka Waziri, kwa mikopo itakayokuwa mikononi mwake, awahimize wanaosimamia makusanyo wawapunguzie wakopaji mzigo. Neno ni "kuhimiza". Wademokrati wengi walikuwa wametaka majaji wa kesi za kufilisika wapewe mamlaka ya kupunguza deni la nyumba ya mtu anayoishi, kama wanavyoweza kwa madeni mengine mengi, lakini kipengele hicho kilitupwa nje kabla ya kura ya kwanza ili Warepublican wakubali. Seneta Richard Durbin alikirudisha mwaka uliofuata, na tarehe 30 Aprili 2009 Seneti ikakiangusha kwa kura 45 za ndiyo na 51 za hapana. Mwalimu, kama una nafasi ubaoni, ongeza safu ya tatu uandike kura hiyo. Haikuonyeshwa kwenye skrini iliyogawanywa.

Mchambuzi wa Mikopo (Nairobi)

Nawasalimu nyote, na pole sana dada wa Minneapolis. Mimi ni mtu wa benki, na naona ni haki nieleze upande wa wale walioupitisha mswada, maana walichokiogopa kilikuwa cha kweli.

Makampuni makubwa ya Marekani hukopa kwa hati za siku chache ili kulipa mishahara na wauzaji bidhaa, na wanunuzi wakubwa wa hati hizo ni mifuko ambamo watu wa kawaida huweka akiba wakiamini dola moja itabaki dola moja. Tarehe 16 Septemba mfuko mmoja wa aina hiyo, Reserve Primary, uliokuwa umeikopesha Lehman, ulitangaza kwamba dola iliyowekwa kwake sasa ni senti 97. Watu wakakimbilia kutoa akiba zao katika mifuko ya namna hiyo, na wanunuzi wa hati wakatoweka. Mwenye kiwanda asiyewahi kukopesha nyumba hata moja angeweza kushindwa kulipa mishahara ya mwisho wa mwezi.

Kuhusu aya B, Waziri aliitumia kabla hata wiki mbili hazijaisha. Tatizo la kununua mikopo mibovu lilikuwa bei: ukinunua kwa bei ya soko, hasara inajitokeza kwenye mizania na benki inakufa, ukinunua kwa bei ya juu, umempa mwenye hisa zawadi kutoka mfukoni mwa mlipakodi. Zaidi ya wachumi 100 walikuwa wameliandikia Bunge kulalamikia mpango ule wa awali. Tarehe 8 Oktoba Uingereza ikaonyesha njia nyingine kwa kuweka mtaji wa serikali ndani ya benki zenyewe. Tarehe 13 Paulson aliwaita Wizarani wakuu wa benki tisa, na wote waliondoka wamekubali dola bilioni 125 kwa jumla. Serikali ilipata hisa za upendeleo, zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida, zenye gawio la asilimia 5 kwa miaka mitano ya kwanza na asilimia 9 baada ya hapo, pamoja na haki ya kununua hisa za kawaida. Mipango ya benki ilitumia takribani bilioni 245, na kilichorudi Hazina kilipita kiasi hicho kwa makumi ya mabilioni. Nasema kama mtaalamu: mtaji ulikuwa dawa bora kuliko kununua mikopo.

Lakini siwezi kusema kwamba ndiyo dawa waliyoipigia kura.

Mwalimu wa Uraia (Morogoro)

Nawashukuru sana. Niseme kinachonigusa mimi. Marehemu baba yangu alilima pamba Shinyanga, na msimu ule bei ilipoanguka hatukujua kwamba chanzo ni nyumba za watu tusiowafahamu. Mwaka 2009 Rais Kikwete alitangaza akiwa Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi wetu, ukiwemo msaada kwa wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara. Nakumbuka baba akiuliza, kwa sauti ya chini, kama na wakulima wametajwa.

Nina maswali mawili ya kumalizia. Mzee wangu, je, wabunge walipoona fedha zimekwenda kwingine, walikuwa na njia ya kuzizuia? Nawe dada, karatasi ya kifungu cha 109 uliyoichapisha, uliwahi kuipeleka popote?

Karani wa Zamani (Dodoma)

Walikuwa nayo, Mwalimu, ile ya bilioni 350 za mwisho. Tarehe 15 Januari 2009 Seneti ilipiga kura juu ya azimio la kuzikataa, na azimio likashindwa kwa kura 52 dhidi ya 42, kwa hiyo fedha zikatoka.

Kuna mfano mwingine ulio wazi zaidi. Desemba 2008 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mkopo kwa makampuni ya magari kwa kura 237 dhidi ya 170, lakini tarehe 11 Desemba muswada huo ulikwama Seneti kwa kupata kura 52, pungufu ya 60 zilizohitajika kufunga mjadala. Siku nane baadaye Rais Bush alitangaza kuyapa General Motors na Chrysler mkopo wa hadi dola bilioni 17.4 kutoka katika fungu lile lile la bilioni 700. Inawezekana kabisa kwamba ajira nyingi ziliokolewa, nami siombi viwanda vife. Nasema tu kwamba jambo ambalo Bunge lilikuwa limeshindwa kulipitisha kwa kura lilitekelezwa kwa fedha ambazo Bunge hilo hilo lilikuwa limezipitisha kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Wanafunzi wako wakisoma aya B kwa sauti darasani, wataelewa bila wewe kuongeza neno.

Mama wa Watatu (Minneapolis)

Niliipeleka, Mwalimu. Mkopo wetu ulikuwa umeuzwa zaidi ya mara moja, na kampuni tuliyokuwa tunailipa haikuwa mwenye deni, ilikuwa mkusanyaji tu. Haukuwa mikononi mwa serikali pia, kwa sababu serikali haikuinunua mikopo ile. Ilinunua hisa za benki. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, akaisoma karatasi yangu hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kifungu kinamhusu Waziri na hakiwafungi wao.

Nyumba ilinadiwa na sherifu wa kaunti mwezi Februari 2009. Sheria ya Minnesota humpa mwenye nyumba miezi sita ya kuikomboa baada ya mnada. Mwezi huo huo Rais Obama alitangaza mpango wa kurekebisha mikopo, uliolenga familia milioni tatu hadi nne na haukulifikia lengo hilo, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka katika zile bilioni 700. Tuliomba mwezi Aprili. Tulijibiwa kwa barua ya aya mbili kwamba mpango ni kwa nyumba ambazo bado hazijanadiwa. Tulihama Agosti, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, ili watoto waanze muhula katika shule ya mtaa mpya.

Karatasi bado ninayo. Binti wa dawati la nyuma akitaka kuiona, nitaipiga picha nikutumie kabla ya Alhamisi.